Somo la Kumi na Tisa: Kakao, kutoka Mtini hadi Dukani

Katika maduka ya Majengo, mjini Mpanda, utaona kopo la unga wa kakao limewekwa karibu na majani ya chai. Katika maduka machache utaona pia chokoleti. Ukinunua chokoleti mwezi wa Oktoba, wakati wa joto kali kabla ya mvua, usishangae ukifungua karatasi na kukuta imelainika na kukushika vidoleni. Mafuta yaliyomo katika chokoleti huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi za Sentigredi. Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni nyuzi 37 hivi. Kwa hiyo kipande kigumu cha chokoleti huyeyuka chenyewe ulimini, hata kama hukukitafuna.

Mafuta hayo hutoka katika mbegu za mti uitwao mkakao. Katika somo hili tutajifunza jinsi mti huo unavyokua na jinsi mbegu zake zinavyotayarishwa. Tutauliza pia kwa nini chokoleti moja huwa na ladha nzuri na nyingine huwa chungu au yenye harufu ya ukungu, ijapokuwa zote mbili zimetoka katika miti ya namna moja. Sehemu kubwa ya jibu imo shambani, mikononi mwa mkulima.

Mti wa mkakao

Asili ya mkakao ni misitu ya mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Katika misitu hiyo mkakao ni mti mdogo unaoishi chini ya miti mirefu. Haupendi jua kali la moja kwa moja, hasa ukiwa mchanga. Hupenda joto la wastani, hewa yenye unyevu, na mvua isiyopungua milimita 1,500 hivi kwa mwaka. Kiangazi kikizidi miezi mitatu, mti hudhoofika.

Mti huu uliletwa Afrika na watu. Mwaka 1879 mhunzi mmoja wa Ghana, jina lake Tetteh Quarshie, alipanda katika shamba lake mbegu alizozileta kutoka kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko. Leo zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia hulimwa katika nchi mbili tu, Ghana na jirani yake Kodivaa.

Katika nchi yetu kakao hulimwa zaidi katika mkoa wa Mbeya, hasa wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hulimwa pia Rungwe, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, na sehemu za mkoa wa Tanga. Kutoka Mpanda mpaka Kyela ni safari ya zaidi ya kilomita 600, kupitia Sumbawanga, Tunduma na Tukuyu.

Je, kwa nini hatulimi kakao hapa Mpanda? Fikiri juu ya mvua yetu. Mpanda hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba mvua huwa haba au hakuna kabisa. Kyela mvua aghalabu hupita milimita 2,000, na ziwa huifanya hewa iwe na unyevu karibu mwaka mzima. Mahindi yetu hukua, hukomaa na kuvunwa katika msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo kiangazi hakiyadhuru. Mkakao hauwezi kufanya hivyo. Ni lazima uishi mwezi hata mwezi kwa miaka mingi, nao huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano.

Maua, visubi na majani yaliyooza

Mwembe huzaa kwenye ncha za matawi. Mkakao huchipuza maua yake madogo meupe juu ya gamba la shina na la matawi manene. Tunda lake, ambalo hufikia urefu wa sentimita 20 au zaidi, huning'inia kwenye shina kana kwamba limebandikwa na mtu. Mgeni anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani anafanyiwa mzaha.

Mti mmoja unaweza kutoa maelfu ya maua kwa mwaka, lakini katika kila maua 100 mara nyingi hayafiki 5 yanayokuwa matunda yaliyokomaa. Ua lisilopata chavua hudondoka baada ya siku moja au mbili. Sisi watu wa Katavi tunawafahamu nyuki vizuri, na tungetazamia kwamba wao ndio wachukuzi wa chavua hiyo. Lakini ua la mkakao ni dogo na njia zake ni nyembamba, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa zaidi na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu.

Visubi hao huzaliana wapi? Huzaliana katika majani yaliyooza chini ya miti, katika maganda ya kakao, na katika vipande vya shina la mgomba vilivyolowa. Mkulima anayefagia shamba lake likawa jeupe kama uwanja wa shule, akachoma majani yote, huwaondolea visubi nyumba yao. Kisha hushangaa kwa nini maua ni mengi na matunda ni machache. Hali kadhalika, mkulima anayenyunyiza dawa ya wadudu ovyo huwaua visubi pamoja na wadudu waharibifu.

Majani hayo yana kazi nyingine pia. Huzuia matone ya mvua yasipige udongo na kuuchukua, huhifadhi unyevu, na yakioza huwa mbolea. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa Kyela hupanda mikakao pamoja na migomba, miembe, michungwa na michikichi. Migomba hutoa kivuli upesi wakati mikakao ingali michanga, na familia hupata ndizi za kula wakati ikingoja kakao. Bei ya kakao ikianguka, zipo ndizi na mawese.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Magharibi mambo yalikwenda vingine. Watu walikata msitu, wakapanda kakao katika udongo wake wenye rutuba, na miti mirefu ya kivuli ikaondolewa. Baada ya miaka 25 au 30 miti ya kakao ilizeeka, udongo ukachoka, magonjwa yakazidi, na wakulima wakahamia msitu mwingine. Hivyo Kodivaa imepoteza sehemu kubwa sana ya misitu iliyokuwa nayo mwaka 1960. Tusiwacheke. Hapa kwetu tumbaku hukaushwa katika mabani yanayochomwa kuni, na kuni hizo ni miyombo yetu.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia kuuzwa katika nchi zake kakao iliyolimwa mahali palipofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi sasa huuliza kakao imetoka shamba gani hasa.

Kuvuna

Tunda la mkakao hukomaa baada ya miezi mitano au sita tangu ua kupata chavua. Rangi yake hugeuka, mara nyingi kutoka kijani kuwa manjano, au kutoka nyekundu kuwa rangi ya chungwa. Lisivunwe kabla ya wakati, kwa kuwa tunda bichi halina sukari ya kutosha. Mkulima hulikata kikonyo kwa uangalifu asichune gamba la mti, kwa maana pale pale ndipo maua mengine yatakapochipuka.

Ndani ya tunda mna mbegu 30 hadi 40 hivi, kila moja imefunikwa na ute mweupe, mtamu na mchachu kidogo. Watoto wa Kyela huufyonza ute huo kama sisi tunavyofyonza ubuyu. Ukiitafuna mbegu yenyewe utaitema, maana ni chungu sana na haina harufu yoyote ya chokoleti.

Kuvundika

Hapa ndipo penye siri ya kakao, na tutakaa hapa kwa muda.

Wewe unajua kuvundika. Ndizi mbichi huvundikwa zikaiva. Mihogo huvundikwa ikalainika. Mkulima wa kakao hutoa mbegu pamoja na ute wake, akazirundika katika sanduku la mbao lenye matundu ya kuchuruzia maji, au akazifunika kwa majani ya mgomba. Huziacha humo siku tano hadi saba.

Katika siku ya kwanza na ya pili, hamira iliyomo hewani na juu ya maganda huingia katika ute na kula sukari yake. Sukari hugeuka kuwa alkoholi, ile ile iliyomo katika pombe, na ute huyeyuka na kuchuruzika. Kisha mkulima huzigeuza mbegu ili hewa ipite. Hewa ikiingia, bakteria wa namna nyingine hupata nguvu na kuigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Kazi hii hutoa joto jingi. Ukitia kipimajoto katikati ya rundo utaona nyuzi 45 hadi 50. Ukitia mkono, utautoa upesi.

Joto hilo na asidi hiyo huua kiinitete, yaani mche mdogo uliomo ndani ya mbegu, kwa hiyo mbegu haiwezi kuota tena. Kuta za seli za ghalambegu huvunjika, na vitu vilivyokuwa vimetengwa hukutana na kuchanganyika. Uchungu hupungua. Rangi ya zambarau hugeuka polepole kuwa kahawia. Harufu ya chokoleti bado haijatokea, lakini vitu vitakavyoitoa wakati wa kukaanga vimekwisha kutengenezwa. Mbegu isiyovundikwa, hata ikikaangwa na fundi hodari katika kiwanda kikubwa, haitatoa harufu hiyo ipasavyo.

Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huchukua mbegu kadhaa kutoka katika gunia na kuzikata katikati. Mbegu ya kahawia yenye nyufa ndani imevundikwa vizuri. Ya zambarau haikukaa siku za kutosha. Ya kijivu, iliyoshikamana kama jiwe, haikuvundikwa kabisa.

Jaribio: Hamira hufanya nini na sukari?

Vifaa: chupa mbili zinazolingana, maputo mawili, sukari, hamira ya mikate, maji ya uvuguvugu.

Tia vijiko viwili vya sukari na maji ya uvuguvugu, nusu chupa, katika kila chupa. Katika chupa ya kwanza tia kijiko kimoja cha hamira. Kwa ajili ya chupa ya pili, mwalimu achemshe kijiko kimoja cha hamira katika maji kidogo kwa dakika tano, ayaache yapoe, kisha ayamimine humo. Vika puto kwenye mdomo wa kila chupa. Weka chupa zote mbili mahali penye joto, lakini si juani. Zitazame baada ya nusu saa, na tena baada ya saa moja.

Ni puto lipi limejaa? Ni hewa gani imelijaza? Vua puto hilo na unuse mdomo wa chupa. Kwa nini puto la pili halikujaa, na sukari ni ile ile? Andika uliyoyaona kabla ya kuandika maelezo yako.

Kuanika

Baada ya kuvundikwa, mbegu huanikwa kwa wiki moja hivi, mpaka maji yaliyobaki yawe sehemu 7 hivi katika 100 za uzito wake. Zikibaki na maji mengi kuliko hayo, ukungu huota ndani ya gunia. Huanikwa juu ya vichanja, zikitandazwa kwa tabaka nyembamba na kugeuzwa mara kwa mara, na kufunikwa mvua inapokuja. Kyela mvua huja mara nyingi! Mbegu zikianikwa kando ya barabara ya lami hunusa lami, na zikikaushwa juu ya moto hunusa moshi. Mafuta ya kakao hushika harufu upesi, na kiwanda hakiwezi kuiondoa.

Kilo 100 za mbegu mbichi zenye ute, zikishavundikwa na kukaushwa, hubaki kilo 40 hivi au pungufu kidogo.

Bei na kazi ya mkulima

Sasa fikiri kama mkulima. Tuseme una kilo 100 za mbegu mbichi. Mnunuzi mmoja anakupa shilingi 2,000 kwa kila kilo, leo hii, mbegu zikiwa mbichi. Mwingine anakupa shilingi 6,000 kwa kila kilo kavu. (Bei hizi ni za mfano tu.) Kwa wa kwanza utapata shilingi 200,000. Kwa wa pili utapata shilingi 240,000, baada ya wiki mbili za kuvundika, kugeuza, kuanika na kukimbizana na mvua.

Tena tuseme kwamba huyo wa pili hakati mbegu kuzitazama. Analipa bei moja kwa kakao iliyovundikwa siku sita na kwa kakao iliyoanikwa siku ile ile ilipotolewa katika tunda. Je, utavundika? Kuvundika hupunguza hata uzito kidogo. Mkulima asiyevundika katika hali hiyo si mvivu. Amepiga hesabu. Hali ni mbaya zaidi kwa mkulima aliyekopa fedha za chakula au za matibabu na kuahidi kulipa kwa matunda yakingali mtini, kwa maana bei hupangwa na mwenye fedha.

Njia za kumsaidia zipo, nazo hazifanani. Kyela, wakulima huuza kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Kakao hupimwa na kuwekwa ghalani, mkulima hupewa stakabadhi, na wanunuzi hushindana mnadani. Katika bonde la Kilombero, kijijini Mbingu, kampuni iitwayo Kokoa Kamili ilianza kazi mwaka 2013 kwa njia nyingine. Yenyewe hununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, ikiwalipa bei iliyo juu ya ile ya soko la huko, kisha huzivundika na kuzikausha zote mahali pamoja. Katika sanduku kubwa joto hupanda sawasawa, na mbegu zote hupata siku zile zile. Pia imekuwa ikiwapa wakulima miche. Kakao hiyo hununuliwa na watengenezaji wa chokoleti bora, kama Dandelion Chocolate wa San Francisco, Marekani, ambao huandika jina la Kokoa Kamili na la Tanzania kwenye karatasi ya chokoleti yao. Mlaji akipenda kujua imetoka wapi, anaweza kujua.

Bei ya dunia nayo haitulii. Kwa miaka mingi kabla ya 2023 tani moja aghalabu iliuzwa chini ya dola 3,500 za Marekani. Mwaka 2024 magonjwa na hali mbaya ya hewa vilipunguza mavuno ya Afrika ya Magharibi, bei ikapita dola 10,000. Mwaka 2025 ikaanza kushuka.

Nani afanye kazi?

Mwanzoni mwa karne ya 20 kakao nyingi iliyotengenezwa chokoleti huko Uingereza ilitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe, vilivyotawaliwa na Wareno. Wafanyakazi wa mashamba hayo walichukuliwa Angola kwa nguvu na hawakurudishwa kwao. Walikuwa watumwa kwa kila hali isipokuwa jina. Habari hizo zilijulikana kwa miaka kadhaa kabla ya kampuni ya Cadbury na wenzake kuacha kununua kakao hiyo, mwaka 1909.

Ubaya huo haukuisha wote. Uchunguzi uliofanywa katika msimu wa 2018/2019 ulionyesha kwamba watoto milioni 1.56 katika maeneo yanayolima kakao ya Kodivaa na Ghana walikuwa wakifanya kazi za kakao zisizowafaa watoto. Wengi walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya familia zao, kwa sababu fedha za kumlipa mtu mzima hazikuwapo.

Kumsaidia mama kugeuza mbegu kwenye kichanja baada ya masomo si jambo baya. Lakini kupasua matunda kwa panga kali, kubeba magunia mazito, kunyunyiza dawa yenye sumu, au kukosa shule wakati wa mavuno, ni mambo mengine. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi ya hatari hairuhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18.

Maswali na kazi za kufanya

1. Eleza kwa nini mkulima aliyechoma majani yote ya shambani anaweza kupata kakao kidogo.

2. Mkulima ana kilo 60 za mbegu mbichi. Atapata kilo ngapi kavu hivi? Ukitumia bei za mfano zilizomo katika somo hili, mnunuzi yupi atampa fedha zaidi, na zaidi kwa kiasi gani? Kiasi hicho kinatosha kulipia kazi ya wiki mbili? Jadilianeni, mwalimu asikubali jibu lisilo na hesabu.

3. Asali iliyorinwa kabla ya kukomaa ina maji mengi, na ikikaa huchacha. Mwulize mrina asali wa karibu nawe jinsi anavyotambua asali iliyokomaa. Linganisha na mnunuzi anayekata mbegu za kakao.

4. Jaza udongo mkavu katika makopo mawili yanayolingana. Mwagilia kila kopo kikombe kimoja cha maji. Funika udongo wa kopo moja kwa majani makavu, uyapime yote mawili kwenye mizani ya dukani, kisha uyaweke juani siku tatu na kuyapima tena. Lipi limepoteza maji mengi zaidi?

5. Tazama kopo la kakao nyumbani au dukani. Soma maandishi yote yaliyo juu yake. Je, yanakuambia kakao hiyo ililimwa wilaya gani, au hata nchi gani?